Kituo Alichokichora Mjukuu Wangu Chini ya Uluguru

Mjukuu wangu alipokuja Kinole masika yale, alishuka kwenye bodaboda amekumbatia bomba la maji. Nikadhani kaninunulia bomba la kuvutia maji toka kwenye chemchemi, nikaanza kushukuru. Kumbe ndani ya bomba mna karatasi. Anasomea usanifu wa majengo Dar es Salaam, na wenzake wote hutembeza michoro yao kwenye mabomba ili isikunjike wala kulowa. Akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba, akapita moja kwa moja hadi jikoni, akakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akalia.

Nikamwacha alie kidogo. Kisha nikamwambia, "Mke mwenzangu, hiyo mbuzi naitaka. Kama unalilia mwanaume, sema, nikupikie wali wa pole. Kama unalilia shule, inuka."

"Nalilia shule, Bibi."

"Basi inuka."

Kwetu bibi na mjukuu ni watani, ndiyo maana namwita mke mwenzangu, ingawa mume mwenyewe alikufa kabla yeye hajazaliwa. Mama yake, binti yangu wa pekee, naye alishatangulia. Huyu nimemlea mimi, toka anatambaa. Mimi shule niliachia darasa la nne, yeye amefika chuo kikuu. Sijui kama kuna mtu mlima mzima huu hajanisikia nikilisema hilo. Kama yupo, asome hapa.

Siku hiyo nilimtoa habari kidogo kidogo huku nakuna nazi. Walimu wao waliwaambia kila mmoja achore kituo cha reli cha chini ya ardhi, mahali popote nchini anapoona panafaa. Wenzake walikimbilia Kariakoo na Posta. Yeye akachora kwetu. Kituo chini ya Uluguru, pale mlima unapokutana na mji wa Morogoro, ili treni ipite tumboni mwa mlima na kutokea huku upande wa mashamba yetu. Mimi kichwa kilishaanza kuvimba, kumbe bado hajafika kwenye kilio. Alipopeleka kazi yake, jopo la walimu liliikataa. Mmoja alimwambia mbele ya wenzake, "Umechora handaki zuri sana. Kituo kiko wapi?"

Alikuwa na nafasi moja tu ya kurudia, mwisho wa muhula. Akikataliwa tena, anarudia mwaka, na wafadhili wake hawamlipii mtu mwaka wa kurudia. Hapo shule ingekuwa imeisha.

Habari haikai jikoni. Jioni mdogo wangu wa kiume akaja, akakaa kizingitini. Lazima nieleze kwamba sisi Waluguru ardhi yetu inafuata tumbo la mama, na msemaji wa ukoo, ukoo wenyewe tunauita lukolo, ni mwanaume wa upande huo huo wa mama. Kwetu ni yeye. Shamba la mdalasini na karafuu alilokuwa akililima marehemu binti yangu sasa ni la mjukuu wangu, na baada ya mjukuu wangu katika tumbo langu hakuna mwingine.

"Dada," akasema, "mchumba wangu amekwama. Sasa arudi. Shamba la mama yake linaota magugu na wewe magoti yako hayapandi tena kule."

"Hajakwama. Amejikwaa."

"Mtoto wa kike ndiye anayeishika ardhi. Huyu anatafuta ya kuchimba."

Mjukuu wangu alikuwa anapepeta mchele, akasema bila kugeuka, "Babu, ukinitaka kwa mahari ya magugu, sikubali."

Tukacheka, lakini mdogo wangu hakuwa anatania, na mimi nilijua ana haki. Nikamwambia hivi, na maneno haya nilimpa mbele ya mtoto mwenyewe asikie: akikataliwa mara ya pili, nitamrudisha Kinole kwa mkono wangu na jembe nitamkabidhi mimi. Akipita, mtu asimguse tena kwa habari ya shamba mpaka amalize. Mdogo wangu akasema sawa. Mjukuu wangu akaacha kupepeta.

Asubuhi tukatandaza mchoro kwenye mkeka, nikazibana pembe kwa malimau. Niliona mistari tu, mingi kama nyavu. Akanionyesha barabara juu, chini yake ukumbi wa tiketi, chini tena jukwaa la kupandia treni, na ngazi moja ndefu ya umeme inayotoka chini kabisa mpaka juani, moja kwa moja.

"Kwanza nieleze," nikasema. "Watu wenye akili zao waliingia ardhini kutafuta nini? Mimi chini ya ardhi namjua anayekaa. Tunamlaza kwa ubavu, tunamfunika, tunaondoka."

Akacheka, ndiyo mara ya kwanza toka afike. Akaniambia ilianzia Uingereza, zamani sana. Barabara zilijaa farasi na mikokoteni mpaka mtu akitembea kwa miguu anafika mapema kuliko aliyepanda. Wakachimba mtaro katikati ya mji, wakatandika reli, wakaufunika. Na treni zenyewe zilikuwa za makaa ya mawe.

"Ndani ya mtaro uliofunikwa?"

"Ndani, Bibi. Wakaacha matundu juu, moshi utoke. Watu wakawa wanafika kazini wanakohoa."

"Kama jiko langu."

"Kama jiko lako. Umeme ulipokuja ndipo wakaweza kushuka chini zaidi. Wengine wakavipamba vituo kama majumba ya wafalme, taa za vioo, nguzo za mawe ya thamani, ili mtu wa kawaida asijione yuko shimoni. Wengine wakaliacha jiwe la mlima hivi hivi, likiwa na mashimo na vinundu vyake, wakalipaka rangi tu. Mimi nilitaka jiwe la Uluguru lionekane."

Aliyasema hayo mdomo umelegea kama anaeleza chakula. Nikaona huyu mtoto si wa kurudishwa. Lakini nilipoutazama mchoro, sikuona kosa liko wapi, na mimi sipendi kutoa neno juu ya kitu nisichokijua. Nikamwambia, "Nipeleke nikaone. Nipitishe chini ya mlima, kisha niulize."

Kituo cha chini Morogoro hakuna, ila kuna treni ya umeme, na ukivuka Kilosa kwenda Dodoma inapita mahandaki. Tukakubaliana hiyo. Nikataka kubeba doriani la kula njiani, akanikatalia kwa ajili ya harufu yake. "Bibi, humo madirisha hayafunguki. Tutafika Dodoma hatuna ndugu."

Reli mimi siijui kwa kuhadithiwa. Nikiwa binti mdogo nilikuwa nateremka na mama yangu usiku tukiwa na mikungu ya ndizi, tunauza kwenye stesheni ya zamani pale mjini, ile ya tangu enzi za Wajerumani. Treni ikisimama, mikono inatoka madirishani kama majani. Unanyanyua ndizi, unapokea pesa, treni ikiondoka unakimbia nayo umalizie kurudisha chenji. Stesheni nzima ilikuwa na harufu ya ndizi mbivu na oili. Hii mpya ni kitu kingine. Paa lake limekaa kama safu ya milima yetu, na nilipoliona nikasimama kwanza. Sakafu inang'aa kama ya msikiti wa Ijumaa. Mtu aliyefunzwa anajua la kufanya: nikavua kandambili zangu nikazishika mkononi. Nimetembea hivyo ukumbi mzima, mwenzangu hana habari, mpaka tulipokaa.

"Bibi, viatu?"

"Nimeingia kwa watu."

Akanitazama sana. Sikujua alichokiwaza wakati ule.

Treni ikaenda. Haina mlio wa zamani, inateleza. Baada ya Kilosa milima ikatusogelea, mara giza. Masikio yakaziba. Taa za ndani zilikuwepo lakini dirishani nilijiona mwenyewe tu, mwanamke mzee mwenye kanga. Nikaanza bismillahi, na kabla sijaimaliza, jua la mchana likanipiga usoni kama kofi. Nikafunika macho kwa kanga. Machozi yalinitoka. Mtoto wa watu kiti cha mbele naye akaanza kulia.

"Bibi, umeogopa?"

"Giza sikuliogopa. Giza nalijua. Ila huku si kutolewa, huku ni kutupwa nje."

"Kutolewa kivipi?"

Hapo ndipo nikamsimulia, kwenye treni, jambo ambalo sikuwahi kumsimulia kwa kirefu, kwa sababu wao wa leo hawachezwi kama sisi. Nilipovunja ungo niliwekwa ndani. Chumba cha nyuma, hakina dirisha, mwanga unaoingia ni wa nyufa za mlango. Nilikaa humo toka mahindi yanapandwa mpaka yamevunwa na kuliwa. Nje nilitolewa alfajiri tu kwa haja, nimegubikwa nguo. Ngozi ikawa laini, macho yakawa ya popo. Mengi niliyofundishwa humo hayaandikwi, na sitayaandika. Lakini namna nilivyotolewa inasemeka.

Sikutolewa kwa kufunguliwa mlango nikaambiwa toka. Bibi yangu asingekubali. Kwanza nilihamishiwa chumba cha mbele, palipo na jiko la moto, na kungwi wangu akakaa nami hapo. Mwanga wa moto, basi. Kisha nikasogezwa kibarazani chini ya upenu, nguo iko kichwani, na aliyenipokea hapo alikuwa shangazi. Nilikuwa naona miguu ya watu na kuku. Kutoka upenuni nikatembezwa chini ya migomba, kivuli cha kijani, mama yangu yuko hapo na maji ya kunawa. Uwanjani nilifika jua limeshalegea, ngoma inalia, nguo ikafunuliwa. Nikauona mlima. Niliuona kama haujawahi kuwepo. Wala macho hayakuniuma.

"Kila mahali palikuwa na mtu," nikamwambia. "Ndicho ninachokumbuka zaidi ya mwanga. Nilikuwa natoka kwa mtu naingia kwa mtu."

Mjukuu wangu akaegemeza kichwa dirishani. Tulipita handaki jingine, na jingine, na kila tukitoka alikuwa ananitazama mimi usoni, hatazami nje. Dodoma tulikunywa chai tukarudi.

Nyumbani akaanza upya. Siku zile mkeka wangu wote uligeuka karatasi, nikawa nakula nimesimama. Ile ngazi moja ndefu aliifuta. Sasa mtu akishuka kwenye treni anakuta jiwe la mlima na mwanga hafifu wa rangi ya moto. Anapanda ngazi fupi, anafika ukumbi wenye upenu mpana, mwanga unaingia kwa chini, anaona miguu ya wanaotembea juu. Anapanda tena, anafika mahali paa limetobolewa na kupandwa migomba, ndipo anatoka mjini. Na anayeingia anapita hayo hayo kwa kurudi nyuma, asishtuke na giza.

Tuligombana pia. Mimi nilitaka kizingiti kirefu mlangoni, mtu akivuka ajue ameingia.

"Bibi, mwenye kiti cha magurudumu atavukaje?"

"Atabebwa."

"Kila siku, akienda kazini?"

Hilo alinishinda kwa haki. Akabadilisha sakafu badala yake, toka saruji ya barabarani kwenda jiwe lililosuguliwa, bila kuinuka hata unene wa kidole. "Ulivua viatu pale kwa sababu ya sakafu," akaniambia, "si kwa sababu ya kizingiti." Ndiyo nikajua alichokuwa anakitazama siku ile.

Lakini kwa wauza ndizi sikulegea. Alikuwa hajawaweka kabisa. Akaniambia sheria, usafi, usalama. Nikamwambia, wewe umenisikia nusu. Umechukua mwanga, umeacha watu. Kituo chako nani anapokea? Mashine ya tiketi? Siku nzima alinuna. Jioni akachora vibanda vidogo ukumbi wa katikati, pale mwanga unapoanza, na kwenye kimoja akachora mama amekaa na mkungu. Mama mwenyewe mnene. Sikuuliza ni nani.

Mdogo wangu alikuwa anapita kila siku akitoka shambani, ananyoosha shingo. "Mnauchimbia mlima wetu kaburi," anasema. Au, "Mchumba, jembe lako nimelinoa." Mjukuu wangu anamjibu, ila nilikuwa naona anafuta mstari uliokuwa sawa kila akilisikia jembe.

Siku ya kuitetea kazi nilikwenda Dar es Salaam. Aliniambia wazazi wanaruhusiwa kukaa nyuma wakikaa kimya. Nikavaa gauni langu la Idi na kanga mpya, nikakaa nyuma, nikakaa kimya. Sikuwahi kukaa kimya hivyo toka niwe mwali. Walimu walikuwa wanne mbele, wanapekua karatasi. Yule aliyemwambia habari ya handaki alikuwepo, mwanaume mfupi, sauti ndogo.

Akamuuliza, "Mwanzo ulikuwa na ngazi moja, sasa umemkatia abiria safari vipande vitatu. Mtu ana haraka. Kwa nini?"

Nilifikiri mjukuu wangu angeanza na maneno ya vitabu. Akasema, "Nilipanda treni na bibi yangu kupita mahandaki. Tulipotoka alifunika macho akalia. Nilikuwa nimechora kituo kinachowafanyia watu hivyo kila asubuhi." Kisha akaeleza mwali anavyotolewa. Alieleza kwa heshima, ya ndani aliyaacha ndani. Halafu akawaonyesha mwanga kwa hesabu zake, jua la asubuhi linaingilia wapi, la mchana linazuiwa na nini. Hapo sikumfuata, lakini wao walimfuata. Niliona kalamu zimesimama.

Mwanamke mmoja kati ya walimu akasema vibanda vimekaa vibaya. Moto ukitokea chini, watu wote wanakimbilia ukumbi ule, na meza za ndizi zitawabana. Moyo ulinipasuka, maana vile vilikuwa vyangu. Mjukuu wangu akageuka kidogo, akanitazama mara moja, akarudi kwao. "Ni kweli," akasema. "Nimewaweka njiani. Naweza kuwasogeza ukutani, ndani ya vishubaka vidogo kwenye jiwe, njia ibaki wazi. Lakini siwaondoi."

"Hata tukikuagiza?"

"Mkiniagiza niwaondoe, mtaniuliza tena abiria anapokelewa na nani. Sina jibu jingine."

Wakatutoa nje wote. Tulikaa kwenye benchi la ukumbini, wanafunzi wengine wanakwenda na kurudi na mabomba yao. Sikumwambia neno la kumfariji, maana ningesema uongo. Nilimshika kidole kimoja tu, kile cha mwisho, kama nilivyokuwa nikimshika akianza kutembea. Kilikuwa cha baridi kama cha mtu aliyetoka mtoni.

Walipomwita ndani aliingia peke yake. Alipotoka alisema, "Nimepita, Bibi. Nisogeze vibanda, nirudishe mchoro, nimepita." Mimi nikakaa chini tena. Mwanafunzi mmoja akaniletea maji, nikamwambia, "Huyu ni mjukuu wangu," kana kwamba ameuliza.

Nilirudi Kinole na habari yangu mkononi. Kituo chenyewe hakijachimbwa, na pengine hakitachimbwa. Mtu anayetaka kunikumbusha hilo asijisumbue, nalijua. Lakini hata stesheni niliyouzia ndizi na mama yangu ilianza kwa mtu kuinamia karatasi, na huyo mtu hakuwa wa kwetu. Safari hii aliyeinama ni wa kwetu.

Mdogo wangu nilimkuta anakausha mdalasini. Nikamwambia amepita. Akageuza maganda yote upande wa pili kabla hajajibu.

"Basi neno letu ni neno letu," akasema. "Shamba nitalipalilia mimi. Simgusi."

"Usimguse."

Akaendelea na maganda yake. Nilikuwa nimeshageuka niende, akaniita.

"Dada. Hivi huko tumboni mwa mlima, maji ameyafanyaje?"

"Maji gani?"

"Maji. Mlima huu ukiutoboa popote unatoa maji. Chemchemi ya juu ya shamba, ya kwa Wakatoliki kule bondeni, zote zinatoka wapi? Akichimba pale chini, maji yatamwingilia, au sisi huku zitatukaukia. Amelifikiria hilo?"

Nikasema mimi sijui. Nikapiga simu, mjukuu wangu akapokea, nikamwambia babu yako anauliza habari ya maji. Akasema, "Mpe simu, Bibi. Hilo hata walimu wameniuliza, ndiyo kazi yangu ya mwakani."

Mdogo wangu akajifuta mikono kwenye suruali, akaipokea simu akaishika mbali na sikio kama anavyofanya siku zote. Akaanza kumtajia chemchemi, moja baada ya nyingine, ipi haikauki kiangazi, ipi hutoka na mchanga mwekundu mvua zikizidi. Mjukuu wangu anauliza, yeye anajibu, wanabishana. Nilisikia anasema, "Hapana, sikiliza, mchumba, hiyo haitoki huko, hiyo inatoka juu zaidi, njoo likizo nikupeleke ukaione." Nikaingia ndani kuinjika ugali. Nilipotoka walikuwa bado wanaongea, na salio lilikuwa langu.